Mbayuwayu wa Moshi hawakupotea njia

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lako la Jumatano ya wiki iliyopita ilitoka picha ya ndege wadogo weusi waliojipanga kwenye nyaya za umeme karibu na stendi ya mabasi ya Moshi, na chini yake maelezo kwamba hao ni ndege wageni waliopotea njia kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Siku mbili baadaye, kwenye kijiwe cha kahawa pale Mbuyuni, nilimsikia kijana mmoja akieleza kwamba ndege hao ni dalili ya ukame, na mwenzake akambishia kwamba ni dalili ya ugonjwa. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme kwamba hawakupotea, hawaleti ukame wala ugonjwa, na kwamba wamekuwa wakitua katika mji huu kila mwaka tangu siku ambazo hapakuwa na nyaya za kutulia. Hao ni mbayuwayu, nao wamefika kwa wakati wao.

Mpiga picha hana kosa. Picha yake ilikuwa nzuri kuliko maelezo yake, na ilinionyesha jambo ambalo kwa macho yangu ya uzee nisingeliona nikiwa barabarani: wengi wao hawakuwa na ile mikia mirefu yenye nyuzi mbili ambayo humtambulisha mbayuwayu huyu. Wengi ni wachanga waliototolewa mwaka huu, ambao mikia yao bado mifupi, na wakubwa nao hufika na manyoya yaliyochakaa kwa safari, kisha huyabadilisha polepole wakiwa huku kwetu, hata ifikapo Machi wanaondoka wakiwa wanang'aa bluu mgongoni na wekundu kooni kama walioshonewa nguo mpya. Wasichanganywe na mbayuwayu wa kwetu wenye michirizi kifuani, wale wanaofinyanga nyumba za tope chini ya dari za vibaraza na kutuchafulia sakafu. Huyu mgeni hajengi huku. Kiota chake kiko mbali sana, na mimi niliwahi kukiona.

Nilikuwa bwana shamba kwa miaka thelathini na moja, na mwaka 1986 nilipelekwa masomoni kwa mwaka mmoja huko Norfolk, mashariki ya Uingereza, nchi tambarare kama Kahe lakini yenye upepo unaoingia hadi kwenye mifupa. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane nje kidogo ya kijiji. Nyuma ya mlango wa jiko lake ilining'inia kalenda iliyotolewa bure na duka la mbegu, na katika miraba ya tarehe aliandika kwa penseli maneno machache machache ambayo mwanzoni nilidhani ni hesabu za maziwa. Siku moja nikasoma kwa makini: kipepeo wa njano wa kwanza, chura wameanza kulia, mbayuwayu wa kwanza, wawili, juu ya banda. Jirani yake mfugaji alikuwa na zizi lenye mlango uliokatwa nusu mbili, na kuanzia katikati ya Aprili nusu ya juu haikufungwa tena, hata usiku wa baridi kali, ili mbayuwayu wapite kwenda kwenye boriti ileile waliyojengea mwaka uliotangulia. Nilimwuliza kama ng'ombe hawaumii kwa baridi. Akanijibu kwamba ng'ombe ana ngozi yake, lakini inzi wa zizini wataliwa na nani?

Hapo inafaa nieleze jambo moja ambalo sisi tunaokaa karibu na ikweta hatulioni kwa urahisi. Mwaka wetu tunauhesabu kwa mvua: vuli, masika, na ukavu wa katikati. Mwaka wao unahesabiwa kwa mwanga. Mwezi Juni mjini London mchana unazidi saa 16, na mwezi Desemba haufiki saa 8, wakati hapa Moshi jua huchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima. Ndege mwenye makinda matano ya kulisha, naye anakula wadudu wanaoruka tu, ana sababu ya kuufuata mchana mrefu popote ulipo. Na baridi inapowaua au kuwafukia wadudu hao, hana sababu ya kubaki. Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi, hazifiki hata betri moja kubwa ya redio, na bado huruka kutoka mazizi ya Uingereza hadi Afrika Kusini na kurudi.

Wadudu wenyewe hufuata foleni ambayo yule mama aliijua kwa kichwa. Siku ya kwanza ya jua mwezi Machi hutoka kipepeo wa rangi ya limau, ambaye amelala majira yote ya baridi kati ya majani ya mtambaazi usiopukutika. Siku hizohizo malkia wa nyuki wakubwa wenye manyoya huchomoka ardhini, kwani ni malkia wachanga pekee wanaosalia wa ukoo wa mwaka uliopita, na huanza kutafuta tundu la kuanzisha familia mpya. Mwishoni mwa Aprili hujaa inzi weusi wanaoruka taratibu miguu ikining'inia, nao wamepewa jina la Mtakatifu Marko kwa kuwa hujitokeza karibu na sikukuu yake ya tarehe 25. Mwezi Mei, giza likiingia, mbawakawa wakubwa wa kahawia hugonga vioo vya madirisha kama watoto watukutu wanaorusha kokoto. Hao wameishi chini ya ardhi miaka mitatu au minne wakiwa funza weupe wanaokula mizizi, na mimi niliyewahi kuwafundisha wakulima wa Kibosho namna ya kupambana na ndugu zao sikuweza kuwachekea. Mtoni nako huibuka wadudu wenye mabawa kama karatasi ya nailoni, ambao wamekaa majini mwaka au miwili na sasa hawana kinywa cha kulia, wana siku moja hivi ya kutafuta mwenzi na kufa.

Lakini lililonifanya nicheke peke yangu barabarani lilikuja Julai. Mchana mmoja wa joto na unyevu, sisimizi wenye mabawa walitoka katika nyufa za lami, katika bustani, katika kuta, kijiji kizima kwa saa moja, nami nikasema kwa sauti: kumbikumbi! Tofauti ni kwamba wetu ni mchwa na hungoja mvua, na kwamba hakuna mtoto wa Norfolk aliyekimbia na beseni. Vingine vyote vilikuwa vilevile, hata ndege waliojaa juu ghafla kana kwamba wamepigiwa simu. Mwezi Julai 2019 makundi ya sisimizi hao kusini mwa Uingereza yalikuwa makubwa hata yakaonekana kwenye rada ya hali ya hewa kama wingu la mvua.

Nilidhani kalenda ile ya jikoni ni mazoea ya upweke wa mjane. Nilikosea, na ndiyo sababu ya barua hii kuwa ndefu. Katika mkoa uleule wa Norfolk, bwana mmoja aitwaye Robert Marsham alianza mwaka 1736 kuandika tarehe za dalili 27 za majira ya kuchipua: jani la kwanza la mwaloni, kipepeo wa kwanza wa njano, mbayuwayu wa kwanza, sauti ya kwanza ya ndege aitwaye kekeo. Alipokufa watoto wake waliendelea, kisha wajukuu na vitukuu, hadi mwaka 1958. Hawakuwa na chombo chochote zaidi ya macho, wino na uaminifu wa kuandika tarehe ya kweli hata pale ambapo jirani ametangulia kumwona ndege. Leo wanasayansi wanaotaka kujua kama miti inachanua mapema kuliko zamani kwa sababu ya joto wanarudi kwenye daftari la familia hiyo, kwa kuwa hakuna mashine iliyokuwapo mwaka 1736 ya kuwajibia.

Huyo kekeo, ambaye katika lugha nyingi jina lake ni mwigo wa sauti yake mwenyewe, ndiye ambaye Waingereza wamekuwa na desturi ya kuwaandikia wahariri habari zake. Hutaga yai katika kiota cha ndege mwingine mdogo, kinda wake husukuma nje mayai ya wenyeji, na akishakomaa huruka hadi Afrika bila kuwahi kuonana na wazazi wake. Atakayemsikia wa kwanza kwa mwaka huona fahari, na hukimbilia kalamu. Mwezi Februari 1913 mtaalamu wa wanyama aliyeheshimika sana, Richard Lydekker, aliliandikia gazeti la The Times la London kwamba amemsikia kekeo bustanini kwake, majuma mengi kabla ya wakati wake. Hazikupita siku nyingi akaandika tena, akikiri mbele ya wasomaji wote kwamba amedanganyika: sauti ile ilikuwa ya kibarua wa mwashi aliyekuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya jirani, naye alikuwa hodari wa kumwigiza ndege huyo. Namtaja, Ndugu Mhariri, ili uone kwamba kukosea ndege gazetini ni jambo lenye ukoo mzuri, na kulisahihisha ni jambo lenye ukoo mzuri zaidi.

Na kuna barua nyingine ya wakati huohuo ambayo kwangu ina thamani kuliko hiyo. Mwaka 1909 mchapishaji wa London, Harry Witherby, alianzisha mpango wa kuwavisha ndege pete ndogo mguuni, zikiwa na namba na anwani yake. Watu wengi walikuwa hawajui mbayuwayu wa Uingereza huenda wapi. Hata katika karne iliyotangulia walikuwapo wasomi waliodhani kwamba hulala chini ya maji ya mabwawa au ndani ya nyufa hadi baridi ipite. Tarehe 6 Mei 1911 wakili mmoja wa Staffordshire alimvisha pete mbayuwayu aliyejenga katika nyumba yake. Tarehe 23 Desemba 1912 ndege huyohuyo alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba karibu na Utrecht, Natal, Afrika Kusini, na mtu aliyeiona pete ile hakuitupa wala kuwapa watoto waichezee. Aliisoma namba, akaketi, akaandika barua London. Kwa barua hiyo moja ubishi wa karne nyingi ulikwisha.

Sitaki msomaji aelewe kwamba mbayuwayu wa stendi ya Moshi ni wa mazizi ya Norfolk. Wa Uingereza kwa kawaida hushukia magharibi, kupitia Ufaransa, Hispania na Moroko, kisha huvuka Sahara na kuendelea kusini, na wanaotufikia sisi wengi wao wanatoka mashariki ya Ulaya na Asia. Ni ndege wa aina moja, kila kundi na barabara yake. Hali kadhalika teleka, ndege wenye mbio wanaofanana na mbayuwayu, ambao huwasili Uingereza mwanzoni mwa Mei na kuondoka mwanzoni mwa Agosti: vifaa vidogo walivyofungwa migongoni vimeonyesha kwamba huenda bonde la Kongo, na wengine husogea mashariki hadi Msumbiji. Na tangu mwaka 2011, kekeo watano wa kwanza walipofungwa vifaa vya setilaiti hukohuko Norfolk, imejulikana kwamba wengi wao huondoka Juni, kabla hata jua la kiangazi halijapata makali, na kwamba mapumziko yao marefu ni katika misitu ya Kongo. Ndege anayekaa miezi miwili hivi Norfolk na karibu nusu ya mwaka Afrika ya Kati, mimi sioni ni kwa haki gani aitwe wa Norfolk.

Hata vipepeo wanaingia katika hesabu hii. Yupo mmoja wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa na madoa meupe, ambaye utamwona kwenye maua ya pembeni mwa barabara hapa kwetu, na ambaye pia hufika Uingereza kila mwaka, mwaka mmoja wachache, mwaka mwingine kwa mamilioni kama ilivyokuwa mwaka 2009. Waingereza waliamini kwamba vipepeo hao wakifika kule hufia kule, maana hakuna aliyewaona wakirudi. Mwaka 2012, baada ya kuunganisha maelfu ya tarehe zilizoandikwa na watu wa kawaida kutoka nchi nyingi na picha za rada, watafiti waligundua kwamba hurudi kusini, ila huruka juu sana, wastani wa zaidi ya meta 500, mahali ambapo jicho la mtu aliyesimama bustanini haliwafikii. Safari nzima ya kwenda na kurudi kati ya Afrika na maeneo ya Aktiki kaskazini ni kama kilometa 14,000, na haikamilishwi na kipepeo mmoja bali na vizazi kadhaa vinavyopokezana, kila kimoja kikiendelea pale mzazi wake alipoishia.

Daftari za namna hiyo ndizo pia zilizowaonyesha Waingereza hasara yao. Teleka wanaozaliana Uingereza wamepungua kwa zaidi ya nusu tangu mwaka 1995, na mwaka 2021 waliingizwa katika orodha nyekundu ya ndege walio hatarini, ambamo kekeo alikuwa tayari ametangulia. Sababu nyingine ziko kwao, kama vile dari za nyumba za zamani zinazozibwa hadi teleka akirejea anakuta mlango umefungwa, na wadudu wanaozidi kuadimika mashambani. Nyingine huenda ziko huku kwetu. Tunakausha mabwawa, tunakata miti ya vihamba, na inapopulizwa sumu kwenye malalo ya kweleakwelea, wanaolala katika matete hayohayo nao hufa, na hakuna wa kusema walikuwa wangapi kwa sababu hakuna aliyewahesabu kabla. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakiwasema wafanyabiashara, lakini sijaona mahali panapofaa zaidi kuliko hapa.

Wapo watakaosema tuna shida kubwa kuliko ndege. Ni kweli, na bei ya mbolea ni mojawapo. Lakini mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mgeni huyu hangoji siku ya tatu, kwani siku anayofika ndiyo siku anayoanza kula mbu, inzi na wadudu wa mazao juu ya mashamba yetu bila kumdai mtu posho. Angalau tuandike siku aliyoingia kazini.

Mimi mwenyewe si mfano mzuri. Nilipostaafu nilianza daftari langu nikiiga kalenda ya yule mama, nikaandika kwa miaka minne: mbayuwayu wa kwanza, keremkerem wa kwanza wakipita juu wakiita kwa ile sauti yao kama filimbi ya maji, kumbikumbi wa kwanza, na yule kekeo wa kwetu mwenye kifua chekundu, ambaye sauti yake ya hatua tatu zinazoshuka wazee wengi huihesabu kuwa tangazo la mvua. Daftari nililiweka katika sanduku la mbao stoo. Nilipolifungua mwaka wa tano, mchwa walikuwa wameacha jalada na ukurasa mmoja wa Oktoba. Nikakaa miaka mitatu bila kuandika kitu kwa hasira, jambo ambalo ni la kitoto, kwani mchwa walikuwa wamefanya kazi yao na mimi niliacha yangu. Sasa ninaandika kwenye kalenda ukutani.

Ombi langu, basi, ni dogo kwa gharama. Kwanza, sahihisho la maelezo ya picha litoke katika ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule. Pili, uwatengee wasomaji pembe moja ya ukurasa wa barua, mistari mitano au sita kwa wiki, kuanzia Septemba hadi Aprili, ambamo mtu wa Same, Mwanga, Karatu au Monduli aweze kutaja amemwona ndege gani au mdudu gani wa msimu, lini na wapi, nawe uichapishe tarehe yake pamoja na jina la kijiji. Asiyejua jina la ndege aeleze rangi na mwenendo wake. Atapatikana wa kumjibu. Na yeyote atakayemwokota ndege aliyekufa akiwa na pete mguuni, anakili herufi na namba zote kama zilivyo, aipige picha pete yenyewe, na azitume gazetini pamoja na mahali alipompata.

Ili nisionekane naomba bila kutoa, naanza mimi: mbayuwayu wanne, wawili kati yao wenye mikia mirefu, Msaranga, Jumapili tarehe 28 Septemba, saa kumi na moja jioni, kwenye waya wa tatu kutoka kwenye mashine ya kusaga.

Wako,
Bwana shamba mstaafu,
Msaranga, Moshi.